Bunduki ya kwanza ya marisau kwa kulenga visahani: nianze na ipi kati ya hizi tatu?

BintiKilindini

Assalam alaikum na hamjambo nyote.

Ninaishi Kisauni na kazi yangu ni ya nyaraka za forodha pale Kilindini. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatana na wenzangu wa kazini kwenye uwanja wa klabu yao, ambako visahani vya udongo hurushwa asubuhi za Jumamosi, na nimekuwa nikipiga kwa bunduki za kuazima chini ya macho ya mkufunzi. Mchezo umenikolea. Nimeamua kuomba leseni na kununua bunduki yangu mwenyewe, lakini kila ninayemwomba ushauri hunipa jibu linalopingana na la aliyemtangulia, na ndiyo sababu nimekuja kwenu.

Mjomba wangu anashikilia kwamba mtu wa mwili wangu (urefu wangu ni sentimita 158 na uzito kilo 54) hana budi kuchukua geji 20 nyepesi (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na nambari ndogo ndiyo pana zaidi), na amenitafutia moja ya mitutu miwili, yenye uzito wa kilo 2.7, ambayo anasema haitanichosha mkono wala kuniumiza bega. Muuzaji niliyemtembelea anapendekeza nusu-otomatiki mpya ya geji 12 iliyotengenezwa Uturuki, ambayo bei yake ndiyo ya chini kabisa. Ya tatu ni Beretta 686 iliyotumika, geji 12, mitutu ya sentimita 76 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, uzito wa kilo 3.5, ambayo mwanachama mmoja wa klabu anaiuza kwa kuwa amenunua nyingine. Hiyo ndiyo ghali zaidi, ijapokuwa haijavuka uwezo wangu.

Ningependa kujua pia iwapo hewa yetu ya chumvi inapaswa kuathiri uchaguzi, na iwapo wapo akina dada wanaopiga wakiwa na buibui na hijabu, maana kitako hunasa kwenye kitambaa kabla hakijafika begani.

Shukran sana.

MzeeWaMarisau

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Mjomba wako anakutakia heri, lakini hesabu yake imepinduka. Risasi inapotoka, bunduki husukumwa nyuma kwa nguvu ile ile, na kinachoizuia isirudi kwa kasi ni uzito wake yenyewe. Ukitia risasi ya gramu 24 (ndio uzito wa marisau yaliyomo) katika bunduki ya kilo 2.7, kisha ukatia risasi yenye nguvu zile zile katika bunduki ya kilo 3.6, ile nyepesi itarudi begani kwa kasi iliyozidi kwa thuluthi moja. Duru moja ya visahani ni risasi 25, na anayejifunza kwa bidii hupiga duru kadhaa asubuhi moja; bega likishaanza kuuma huanza kuogopa, na mpigaji mwenye woga hufumba macho na kuuangusha mtutu wakati ule ule anapofyatua. Nimewaona wengi wakiyalaumu macho yao kwa visahani vilivyokoswa na bega.

Bunduki nyepesi za namna hiyo zilibuniwa kwa mwindaji wa ndege anayetembea kutwa nzima mashambani huko Ulaya na kupiga risasi chache tu. Wewe hutatembea, utasimama kwenye kituo, utapiga, utafungua bunduki na kusogea hatua chache hadi kituo kinachofuata. Katika nchi ambayo uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, sioni kwa nini mlenga visahani alipie wepesi wa mwindaji.

Uzito una faida nyingine. Kisahani kinachokatiza mbele yako umbali wa mita 25, kikienda mita 20 kwa sekunde, huwa kimesogea takriban mita moja na nusu kabla marisau hayajakifikia, kwa hiyo sharti mtutu ukitangulie na uendelee kufagia hata baada ya kufyatua. Bunduki nyepesi huanza haraka na husimama haraka vilevile, na mwanafunzi huusimamisha mtutu bila kujua, akapiga nyuma ya kisahani. Ile yenye kilo tatu na nusu, na mitutu mirefu, huendelea na mwendo wake hata mikono yako ikisitasita.

Kuhusu geji, sina ugomvi na 20 kwa aliyekwisha kujua anachokifanya. Kwa anayeanza, geji 12 ina nafasi pana zaidi: risasi zake hutengenezwa kwa wingi kuliko za geji nyingine zote duniani, na hupatikana za gramu 28, 24 na hata 21. Bunduki nzito ya geji 12 yenye risasi ya gramu 21 ni mpole kuliko ile geji 20 ya mjomba wako, na siku utakapohitaji gramu 28 hutalazimika kununua bunduki nyingine.

Lakini hayo yote ninayaweka nyuma ya jambo moja, nalo ni kufaa mwilini. Bunduki ya marisau ina kishanga cha mbele tu. Haina kilengeo cha nyuma, na badala yake lipo jicho lako. Shavu likiketi juu au chini ya pale linapotakiwa kwa milimita tatu tu, kundi la marisau litapotoka zaidi ya sentimita 10 kwa umbali wa mita 35. Vitako vya kiwandani huwa na takriban sentimita 37 kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wake, kipimo cha mwanamume wa kimo cha wastani au zaidi, ilhali wewe nakukadiria sentimita 34 au 35. Kwa maneno mengine, inaelekea zote tatu zitakuwa ndefu kwako. Kwa hiyo tafuta kwanza ni ipi inayoweza kukatwa na kurekebishwa ikakaa kama sehemu ya mwili wako, na bei uitazame baadaye. Leseni hutaja bunduki yenyewe kwa aina na nambari yake, hivyo anayebadili mawazo baada ya kununua anarudi mwanzo mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha, na safari hiyo haina haraka.

Mimi ningechukua ile Beretta, kwa sharti fundi aikague na akikate kitako chake.

FundiMajengo

Namuunga mkono Mzee, ila neno «iliyotumika» ndilo ningelichunguza, kwa sababu bunduki huficha maradhi yake vizuri chini ya mafuta na king'arishio.

Dada, mwombe muuzaji aondoe mbao ya mbele, kisha shika mitutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, uitikise taratibu ikiwa imefungwa. Ukihisi mchezo wowote, hata mdogo, bawaba imelika. Tazama pia wenzo wa juu unaofungulia: katika bunduki mpya ya aina hii, wenzo ukirudi hukaa kidogo upande wa kulia wa mstari wa kati, na kadiri vyuma vinavyolika ndivyo unavyosogea kushoto. Ukiukuta umevuka kati kwenda kushoto, bei ishuke au uondoke. Bawaba hurekebishika, lakini fundi anayeiweza si wa kila mtaa.

Baada ya hapo toa mitutu kabisa, ielekeze dirishani na uangalie ndani ukiizungusha polepole. Mwanga unapaswa kufanya miduara kamili. Mduara uliovunjika ni dalili ya mbonyeo. Madoadoa meusi karibu na chemba, yaani pale risasi inapokaa, ni kutu iliyokwisha kula chuma, na hiyo hakuna dawa ya kuirudisha. Fungua choki zote, yaani vile vipande vya mdomoni mwa mtutu vinavyobana kundi la marisau, kwa ufunguo wake, kwa sababu hapa pwani nyuzi za choki ndizo za kwanza kushikana, na choki iliyoganda ndani ya mtutu hutoka kwa gharama na wakati mwingine huharibu mtutu. Chunguza mbao pale inapokutana na chuma, kwani nyufa nyembamba za hapo huendelea kukua. Mwisho, tia risasi bandia na ujaribu vifyatulio na mtambo wa kutema maganda mara kadhaa, mtutu wa chini na wa juu. Usifyatue bila risasi bandia katika bunduki ya mtu, hata akikuruhusu.

Sasa kuhusu chumvi. Mitutu ya Beretta za sasa imepakwa kromu kwa ndani, na hilo ni jambo la kheri kwa mkazi wa Mombasa. Nje bado ni chuma kilichotiwa rangi ya bluu, na jasho la viganja likichanganyika na unyevu wa Kisauni huacha alama za vidole vya kutu ndani ya siku chache. Ifute kabla hujaondoka uwanjani, usingojee kufika nyumbani. Usiihifadhi kamwe ndani ya mfuko wa turubai au sanduku lenye sponji, maana vitu hivyo hunywa unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Hayo ni ya safari tu. Mahali pake ni kabati la chuma lililokazwa ukutani, na ndani yake weka vifuko vya silika ambavyo utavikausha kila vinapolewa maji.

Nawaona pia wanaopaka mafuta ya nazi kwa kuwa yamo jikoni na yananukia vizuri. Msifanye hivyo. Huchacha na kushika uchafu ndani ya mitambo, na mwenye bunduki akaja kwangu akilalamika kwamba kifyatulio kimekuwa kizito. Tumia mafuta ya bunduki, tena kidogo sana, kwa kitambaa.

Mwinyi_wa_Nyali

Salaam nyote. Naona nusu-otomatiki imehukumiwa kabla ya kusikilizwa, nami nitasimama upande wake.

Kama inayouzwa ni ya mfumo wa gesi, basi hiyo ndiyo bunduki laini kuliko zote kwenye bega. Sehemu ya gesi ya baruti hupenya matundu madogo ya mtutu na kusukuma pistoni inayofungua chemba, kwa hiyo teke lote haliji kwa mkupuo mmoja bali husambaa katika muda mrefu zaidi, na anayepiga hulihisi kama msukumo. Kwa mtu wa kilo 54, tofauti hiyo ni kubwa. Pili, nyingi huja na vipande vyembamba vya kuweka kati ya kitako na mwili wa bunduki, ambavyo huinua, hushusha au hukipindisha kitako bila kukata mbao, na baadhi huwa na mpira wa kubadilisha urefu. Mzee amesema kufaa mwilini ni mwanzo wa mambo. Hapa kufaa kunapatikana kwa bisibisi.

Hata hivyo, dada, muulize muuzaji swali moja na usikubali jibu la kuzungukazunguka: ni ya gesi au ni ya mrudio? Ile ya mrudio, ambayo Benelli ya Italia ndiyo iliyoipatia umaarufu, hutegemea bunduki yenyewe kurudi nyuma ndipo ijipakie, na kwa hivyo haina upole huo, hasa ikiwa nyepesi. Viwanda vya Uturuki hutengeneza aina zote mbili na kwa macho zinafanana. Zaidi ya hapo, ijaribu kwa risasi za gramu 24 unazokusudia kutumia. Baadhi zimepangwa kwa risasi nzito za uwindaji, na ukizilisha risasi nyepesi hukwama kila baada ya muda mfupi.

MzeeWaMarisau

Bwana Mwinyi, kuhusu upole wa mfumo wa gesi sibishani nawe hata kidogo, na lile swali lako la gesi au mrudio ni la kuandikwa mlangoni mwa kila duka.

Ninachokitazama ni uwanja. Bunduki ya juu-na-chini ikifunguliwa, kila aliye karibu huona kwa jicho lake kwamba haiwezi kulia, hata mtoto aliyekuja kutazama. Ya nusu-otomatiki hufunguliwa pia na kutiwa kile kipande cha plastiki cha rangi kali kwenye chemba, lakini mtu aliye umbali wa hatua kumi hubaki akikisia. Kwa mwanafunzi ambaye tabia zake za usalama bado hazijakomaa, nataka chombo ambacho kosa lake linaonekana mapema. Halafu kuna maganda, ambayo nusu-otomatiki huyarusha kulia, tena mbali. Aliyesimama kituo cha jirani hatakushukuru.

Tena mitutu miwili inaruhusu choki mbili tofauti kwa visahani viwili, jambo ambalo mtutu mmoja hauwezi.

Bakari_Likoni

Samahani kwa kudandia mada. Baba mdogo ana pampu ya zamani ya geji 12 yenye mtutu mfupi wa ulinzi. Je, nayo haiwezi kumtosha mtu wa kuanza?

Mwinyi_wa_Nyali

Kwa kisahani kimoja itavunja, ndugu Bakari. Kwa viwili vinavyorushwa pamoja utakuwa bado unakokota mkono wakati cha pili kinaanguka. Mtutu mfupi nao hauna mwendo wa kufagia, na huwa wazi mno mdomoni. Zaidi ya yote, bunduki hiyo imo kwenye leseni ya baba yako mdogo, kwa hiyo usiichukue kwenda nayo popote bila kuuliza kwanza sheria inasemaje.

BiMkufunzi

BintiKilindini, mwenzangu, nimefurahi kuona swali la buibui limeulizwa hadharani, kwa sababu viwanjani wanaume hulikwepa kwa aibu na dada akaachwa ahangaike peke yake.

Ndiyo, tupo tunaopiga tukiwa tumejisitiri. Kinachonasa ni kitambaa kilicholegea chini ya kwapa na kwenye bega, pamoja na pembe kali ya mpira wa kitako. Vaa kizibao cha walenga shabaha juu ya buibui, kile chenye kipande laini cha ngozi begani, ukikaze vya kutosha ili kitambaa cha chini kisikunjane. Mwambie fundi auviringe ukingo wa juu wa mpira wa kitako na kuufanya uteleze. Hijabu ifungwe bila fundo upande wa shavu, kwani tabaka la kitambaa kati ya shavu na mbao hulinyanyua jicho, na Mzee amekwisha kueleza milimita tatu zinavyogharimu. Vikinga masikio vya kuingiza ndani huwa rahisi chini ya hijabu kuliko vile vikubwa vya juu, ambavyo pia hugonga kitako. Miwani ya kinga usiiache, vipande vya visahani hurudi. La muhimu kuliko yote ni kwamba siku ya kupimwa kitako uvae kile kile utakachopigia. Aliyepimwa na fulana hupata kitako cha mtu mwingine.

Kuna mambo ya mwili wa kike ambayo fundi asiyewahi kumpima mwanamke hayajui. Shingo zetu mara nyingi ni ndefu ukilinganisha na mabega, kwa hiyo mgongo wa kitako unahitaji kuinuliwa, la sivyo utabaki unainamisha kichwa kutafuta reli ya juu ya mtutu. Ncha ya chini ya kitako nayo huchoma kifuani, hivyo mwinamo wake ubadilishwe ncha ielekee mbele kidogo. Caesar Guerini wa Italia wana bunduki zenye jina la Syren zilizopimwa kwa wanawake tangu kiwandani, lakini kwa bei hiyo sikushauri kwa bunduki ya kwanza. Kitako cha 686 kinarekebishika vizuri.

Kabla ya hayo yote, nani amekupima macho? Nyosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, na kupitia tundu hilo tazama kitu kilicho mbali kwa macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki ndani ya tundu, jicho lako la kulia ndilo linalotawala. Kikitoweka, ni la kushoto. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto linalotawala hufuata mtutu kwa jicho lisilo juu yake, na hukosa kushoto siku zote bila kuelewa. Dawa yake ni mbili: kuhamia bega la kushoto mapema kabla mazoea hayajakauka, au kubandika kijikaratasi kidogo kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Linahusu ununuzi moja kwa moja, kwa sababu kitako cha kawaida kimepindishwa kidogo kwa ajili ya bega la kulia, na nusu-otomatiki ya kawaida itamrushia mtu wa kushoto maganda mbele ya uso. Ukinunua kwanza ukapima baadaye, utakuwa umelipia kitako cha upande usio wako.

Swali langu la mwisho ni mchezo gani unaokusudia. Katika trapu ya Olimpiki visahani hutoka kwenye handaki lenye mashine 15, mita 15 mbele ya wapigaji, na vyote huenda mbali, hadi mita 76. Bunduki zake hupiga juu kidogo na huwa na choki kali, mara nyingine zisizobadilika. Katika skiti kuna vituo 8 na nyumba mbili za kurushia, visahani hukatiza karibu, na kwa kanuni za kimataifa kitako huanzia usawa wa nyonga hadi kisahani kionekane, ambacho huweza kuchelewa hadi sekunde 3. Mwenye kitako kirefu hapo hunasa kila mara. Kuna 686 za kila namna, kwa hiyo angalia hiyo ni ipi: kama ni ya trapu, iache.

BintiKilindini

Shukrani zangu kwenu hazina kipimo, hasa kwako BiMkufunzi, kwa kuwa sikuwahi kuelezwa lolote kuhusu macho.

Nimepima, na la kulia ndilo linalotawala. Ile Beretta imeandikwa Sporting, yaani si ya trapu, ina choki tano za kubadilisha, na wenzo wake bado uko kulia kwa mstari wa kati. Mwenyewe amekubali niipige duru mbili mbele ya mkufunzi na kisha aipeleke kwa fundi kabla hatujaandikiana chochote. Kwa kweli ni ndefu: nikiiweka begani pua yangu iko mbali sana na kidole gumba na mkono wa mbele umenyooka kabisa. Nusu-otomatiki ya Uturuki imethibitika kuwa ya mrudio, na muuzaji alijibu baada ya kuulizwa mara ya tatu. Mjomba bado hajaridhika, lakini amekubali kuja kutazama.

Klabuni kwetu tunapiga zaidi skiti, na mara moja moja mzunguko mchanganyiko ambao visahani vingine hutoka mbali. Je, nianze na choki zipi, na je, upepo unabadilisha lolote?

FundiMajengo

Dalili ulizozitaja ni za kitako kirefu kweli. Mwambie fundi asikate yote kwa siku moja. Aondoe sentimita moja na nusu kwanza, aurudishe mpira, upige, ndipo muamue kama kuna haja ya kuendelea, kwani mti wa jozi uliokatwa haurudi. Akimaliza, aipake mafuta sehemu ya mbao iliyokatwa kabla ya kufunika na mpira. Mbao iliyo wazi hunywa unyevu wa hapa na kuvimba. Kipande kilichokatwa kiweke, siku ukiiuza mnunuzi mrefu atakihitaji.

MzeeWaMarisau

Kwa skiti, mwanangu, weka choki iliyo wazi kabisa katika mitutu yote miwili. Kipimo cha zamani ni duara la sentimita 76 kwa umbali wa karibu mita 37: mtutu usio na choki huingiza humo takriban asilimia 40 ya marisau, choki ya robo kama 50, ya nusu kama 60, na kali kabisa kama 70. Kwa visahani vinavyopita mita 20 kutoka kwako, choki kali hukupa kundi dogo mno, nawe ukakosa kwa tofauti ndogo ambayo choki wazi ingeisamehe. Kwa ule mzunguko mchanganyiko tia robo katika mtutu wa chini na nusu katika wa juu, kisha usahau kwamba zipo. Wako watu klabuni wanaobadilisha choki kila kituo, na ufunguo wao umechakaa kuliko bunduki.

Risasi ziwe nambari 8 au 9 (nambari ikiwa kubwa, punje za marisau ni ndogo) kwa skiti, na saba na nusu kwa vya mbali, zote gramu 24 hadi bega lako litakapokuwa limezoea.

Upepo unabadilisha mengi. Kusi ikishika katikati ya mwaka, kisahani kinachokwenda kinyume nao huinuliwa juu, na kinachokwenda pamoja nao husukumwa chini, hivyo kituo kile kile ulichokizoea wakati wa kaskazi kitakudanganya. Chelewa kidogo kufyatua hadi uone kimeshika njia gani, wala usibadilishe choki kwa sababu ya upepo.

BiMkufunzi

Nyongeza juu ya choki: kila ukirudi kutoka uwanjani zifungue, futa nyuzi, paka grisi kiasi kidogo tu, kisha uzikaze kwa mkono. Usipige kamwe mtutu ukiwa hauna choki ndani, maana nyuzi zitaharibika. Na mwambie mjomba aje na vikinga masikio vyake, vya klabu huwa havitoshi siku za Jumamosi.